Kantri ya Siku Hizi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mpigie Mkenya aliyekulia kwenye Jim Reeves na Kenny Rogers wimbo wa Morgan Wallen, nyota wa kantri wa siku hizi, atakwambia hiyo si kantri, ni pop iliyovaa kofia. Mimi mwenyewe Wallen hanikolei. Ila hoja nyingi za kumkataa yeye na wenzake hazina mashiko.

"Kantri ya zamani ilikuwa halisi, pop imeiharibu juzi tu"

Tuanze na huyohuyo Jim Reeves tunayemfanya kipimo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 muziki wa roki ulikuwa umewanyakua vijana wa Marekani na soko la kantri likayumba. Maprodyuza wa Nashville, kitovu cha biashara ya kantri, Chet Atkins na Owen Bradley, wakaweka kando fidla za kijijini, wakaleta nyuzi za okestra na waitikiaji wa sauti laini ili nyimbo zipigwe hata kwenye stesheni za pop. Reeves alirekodi chini ya Atkins, mwimbaji Patsy Cline chini ya Bradley. Walikuwapo waliolalamika kwamba kantri imeuzwa. Sauti ile nyororo ambayo wazee wetu huiita kantri kamili ndiyo iliyokuwa kantri ya kisasa ya kulaumiwa.

Ugomvi haukuishia hapo. Mwaka 1974 chama cha muziki huo, CMA, kilimpa Olivia Newton-John, aliyekulia Australia, tuzo ya mwimbaji bora wa kike. Wakongwe waliwaka, wakaunda chama chao. Mwaka uliofuata mwimbaji Charlie Rich alipopanda jukwaani kutangaza msanii bora wa mwaka, aliichoma moto karatasi yenye jina la mshindi, John Denver, ambaye wengi walimwona kuwa wa pop. Kilichomsukuma kinabishaniwa hadi leo. Kinachochekesha ni kwamba Rich mwenyewe alivuma kwa nyimbo laini zilizopendwa na wasikilizaji wa pop.

Ukirudi nyuma zaidi, mwaka 1930, unamkuta Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, akirekodi huku Louis Armstrong akimpulizia tarumbeta. Huo usafi ulikuwa wa lini?

"Ni muziki wa wazungu, Weusi wameudandia"

Banjo ina asili yake kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika. Miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza Nashville mwaka 1925, alikuwa DeFord Bailey, Mweusi aliyepuliza kinanda cha mdomo hadi alipoachishwa kazi mwaka 1941. Charley Pride alikuwa msanii bora wa mwaka wa CMA mnamo 1971. Kilichowatenga watu hawa na sifa yao ni biashara: miaka ya 1920 kampuni za santuri ziliweka rekodi za Weusi kwenye katalogi yake na za wazungu wa vijijini kwenye nyingine, ingawa wapigaji wenyewe walikuwa wakifundishana.

Mpaka huo haujafutika. Mwaka 2019 Billboard, jarida linalopanga chati za nyimbo Marekani, iliuondoa wimbo wa rapa Mweusi Lil Nas X kwenye chati ya kantri, nao ukakaa wiki 19 kileleni mwa chati kuu. Mwaka 2024 Shaboozey, mzaliwa wa Virginia mwenye wazazi kutoka Nigeria, aliifikia rekodi hiyo. Mwaka huohuo Beyoncé alitoa albamu ya kantri, lakini CMA haikumteua kwa tuzo zake hata mara moja. Februari 2025 albamu hiyo ikachukua tuzo ya Grammy ya kantri.

Na anayedhani Mkenya hupenda kantri kwa kujifanya mzungu, ajue kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, jina lake likiwa limegeuzwa kwa matamshi yao, aliyefika huko kwa santuri.

"Imepanda ghafla mwaka 2023"

Ni kweli kwamba Agosti 2023 nyimbo tatu za juu za Billboard zote zilikuwa za kantri, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Lakini wapenzi wake walikuwapo tangu zamani, hesabu ndiyo iliyowaficha. Mwaka 1991 mauzo ya albamu yalipoanza kuhesabiwa kwa mashine za madukani badala ya kuwauliza wauzaji kwa simu, mwimbaji wa kantri Garth Brooks akaonekana kileleni.

"Nyimbo zote ni pikapu, bia na msichana"

Lawama hii ina ukweli, hasa kwa miaka ya 2010. Lakini huo ni uteuzi wa redio. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio aliziambia stesheni za kantri zipunguze nyimbo za wanawake, akisema wanaume ndio majani ya saladi na wanawake ni nyanya zake. Ukiisikiliza redio hiyo peke yake, bila shaka utasikia pikapu. Mwimbaji wa kantri Kacey Musgraves alishinda Grammy ya albamu bora ya mwaka 2019, ya muziki wa aina zote, bila stesheni hizo kumpiga sana.