Kasia lililopinda: akili na ulimwengu

Maji yakiwa yametulia asubuhi pale Kibirizi, Kigoma, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kaa kwenye mtumbwi uchovye kasia nusu. Utaliona limevunjika pale linapoingia majini, kipande cha chini kimeinuka. Lipapase kwa mkono: limenyooka. Litoe: limenyooka. Lirudishe, nalo linapinda tena, ingawa sasa unajua. Sababu yake ni mwanga, ambao hubadili mwelekeo ukitoka majini kuingia hewani. Lakini ulichokiona ni nini hasa: kasia, au sura yake akilini mwako?

Uhalisia, mmoja wa misimamo miwili ya kifalsafa juu ya swali hili, hujibu kwamba vitu vipo vyenyewe, vionwe visionwe. Kiangazi vumbi na moshi huificha milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mvua ikinyesha hewa ikatakata, hiyo hapo. Hakuna mtu wa Kigoma anayedhani ilikuwa imeondoka.

Udhanifu, msimamo wa pili, husema kuwepo kwa kitu hakutengani na akili inayokitambua. George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland, alilijadili kasia hilihili mwaka 1713. Hakuyalaumu macho. Kwake, kinachoonekana kimepinda kweli kimepinda jinsi kinavyoonekana. Tunakosea pale tunapokisia kwamba hata tukiligusa au kulitoa majini tutalikuta vilevile. Na kitu kisichoonwa na yeyote? Berkeley alisema Mungu anakiona. Mimi nasimama na uhalisia, lakini hoja yake ya kasia naiheshimu sana: hisi zinatuletea habari, hukumu ni yetu.

Mwaka 1781 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, akaja na njia nyingine. Vitu tunavijua jinsi vinavyotutokea, si jinsi vilivyo vyenyewe, na akili ina kazi katika kutokea huko: nafasi na wakati ni utaratibu inaouleta yenyewe. Ninapomfikiria Kant huwa naiona taa ya wavuvi wa dagaa usiku. Taa haiumbi dagaa, ila ndiyo inayowakusanya, na mvuvi anaona kile tu kilichoingia kwenye duara la mwanga wake. Chini ya duara kuna kina cha zaidi ya mita 1,400 katika sehemu za ziwa hili.

Kisha inakuja mbalamwezi, nami narudi kwenye uhalisia. Mwezi unaizidi taa nguvu, dagaa hawakusanyiki, na mvuvi anashinda nchi kavu akishona nyavu, hata awatamani samaki kiasi gani.