Zealand ya Denmark siyo iliyoipa New Zealand jina

Wengi huamini kwamba New Zealand ilirithi jina la kisiwa cha Denmark chenye mji wa Copenhagen, kile ambacho Waingereza hukiita Zealand. Sivyo. Mwaka 1642 Abel Tasman, baharia wa Uholanzi, alifika pwani za New Zealand; baadaye wachora ramani wa kwao wakazipa jina la jimbo lao la Zeeland, yaani nchi ya bahari. Kiingereza kikaandika majina yote mawili kwa tahajia moja, na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa.

Wenyeji wa kisiwa hicho cha Denmark hukiita Sjælland. Kwa kuwa sjæl kwa Kidenmark ni roho, wapo wanaotafsiri "nchi ya roho". Tafsiri inapendeza kweli, lakini umbo la kale, Selund, halina neno roho ndani yake.