Kuhamia klaudi si kubadili modeli ya biashara

Kampuni ya utalii ya hapa Arusha ikihamisha barua pepe na mafaili yake kwenye klaudi, wiki ijayo wasifu wake unasema "tumebuni upya modeli ya biashara". Hapana. Imehama nyumba tu, na fanicha ni zilezile.

Fasili, kwa haraka. Klaudi ni kukodi seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine), hifadhi na programu za mtu mwingine kupitia intaneti na kulipia ulichotumia. Modeli ya biashara ni namna unavyopata hela: nani ananunua, ananunua nini hasa, analipa lini na kwa kipimo gani, na gharama zako zinakaaje. Ukibadilisha mojawapo kwa kiasi ambacho mteja au mhasibu anakiona, hapo umebuni.

Majina yenyewe yamechangia fujo. Wapo wanaoandika "mfano wa biashara". Mwambie mtu wa soko la Kilombero akupe mfano wa biashara, atakutajia genge la nyanya, naye atakuwa amejibu sawasawa. "Mpango wa biashara" nao ni zile karatasi ambazo benki inazidai kabla ya mkopo. Modeli ni neno la kukopa, lakini angalau haligombani na jirani.

Na "wingu", jina jingine la klaudi? Lilitoka kwenye michoro ya wahandisi wa mitandao. Sehemu ya mtandao ambayo mchoraji hakuwa na haja ya kuonyesha yaliyomo, aliizungushia wingu. Maana yake ilikuwa "ya humu ndani hayakuhusu", wala haikuwa "iko juu". Kiswahili kimelipokea kwa maana ya angani, ndiyo maana wapo wanaodhani data zao ziko kwenye setilaiti. Ziko chini, kwenye jengo lenye majenereta. Amazon, kwa mfano, ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020.

Anayetaka kuona modeli ikibadilika aangalie LUKU. Wengi tumesahau kwamba ni kifupisho: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Umeme ni uleule na nguzo ni zilezile. Kilichogeuka ni saa ya kulipa: zamani unawasha kwanza, bili inakuja baadaye, na deni linabebwa na TANESCO, shirika la umeme; sasa unalipa ndipo unawasha. Mita ni kifaa tu kilichowezesha hilo. Klaudi nayo ni kifaa, isipokuwa yenyewe kwa kawaida inadai mwisho wa mwezi. LUKU ikiisha taa zinazima. Mashine ya klaudi uliyosahau kuizima inaendelea kula dola. Tahadhari ya bajeti unayoiweka hutuma ujumbe tu, haikati kitu mpaka uipangie hivyo.

Hapo ndipo wahamaji wengi wanapoumia. Wanachukua seva iliyokuwa kona ya ofisi na kuipeleka kama ilivyo, iwake usiku na mchana. Hizo ni kama saa 730 kwa mwezi. Ofisi inayofanya kazi saa 9 kila siku, siku 22 kwa mwezi, inahitaji saa 198. Karibu robo tatu ya bili ni ya mashine isiyo na mtu.

Sasa tuseme kampuni hiyohiyo ina Landcruiser 12, na Aprili na Mei, masika yakikolea, nyingi zimelala yadi. Inaweka kalenda ya viti kwenye klaudi, mawakala wadogo wa Moshi wanaiona papo hapo na kununua kiti kimoja kimoja badala ya gari zima. Baadaye inawakodisha mfumo huo wenye magari mawili matatu, na kuwatoza kwa kila safari iliyothibitishwa. Mnunuzi amebadilika, bidhaa imebadilika, kipimo kimebadilika. Klaudi imesaidia kwa sababu moja hasa: gharama inapanda na kushuka pamoja na safari. Ukiwa umenunua seva, gharama imesimama palepale hata masika, na kutoza kwa safari kunakuwa kamari.

Kazi ya kweli inaanzia hapo. Mawakala wawili wakigusa kiti kimoja kwa wakati mmoja, mfumo usiokifunga kwa dakika chache wakati wa malipo utakiuza mara mbili. Taarifa za pasipoti za wateja wa watu wengine sasa ziko mikononi mwako, tena pengine nje ya nchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti juu ya kuzisafirisha.

Kwenye ule wasifu, basi, andikeni "tumehamisha mifumo yetu kwenye klaudi". Ni kazi halali na ina jasho lake. Lile la modeli lisubiri hadi ankara anayopokea mteja ibadilike sura.