Sagamba halina mzizi

Juma lililopita mama mmoja muuza samaki alifungua fundo la khanga mbele yangu, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na kitu cha manjano, kigumu, kidogo kuliko punje ya mtama, chenye ncha upande mmoja. "Dokta, mzizi wenyewe ndio huu, kautoa wote," akaniambia, "mbona maumivu yamerudi?" Kijana msafisha kucha alikuwa ameuchimba kwa wembe, na ubavuni mwa kidole cha mwisho cha mguu wa yule mama palikuwa na shimo lililoanza kutunga usaha.

Nimetibu miguu hapa Tanga kwa miaka mingi, na habari hii ya mzizi wa sagamba, yaani ule ugumu mdogo wa ngozi unaouma mguuni, imenichosha. Sagamba halina mzizi. Ngozi inayobanwa na kusuguliwa kila siku hutengeneza keratini, ile protini ngumu ya ngozi, upesi kuliko inavyoibambua. Mbano ukitandaa, hutokea sugu pana, na ukikusanyika mahali pamoja juu ya mfupa, ule ugumu husukumwa ndani kwa umbo la pia, kitako juu na ncha chini. Ncha hiyo ndiyo inayobonyeza mishipa ya fahamu hata mtu akahisi amekanyaga kokoto. Kilichokuwa ndani ya kikaratasi ni ngozi iliyokufa, isiyo na damu wala uwezo wa kuota tena, na kilichomrudishia maumivu ni kiatu na mfupa, ambavyo alirudi navyo nyumbani siku ile ile.

Tazama sijida kwenye paji la mtu wa swala nyingi, au sugu ya kifundo cha mguu wa kushoto anaoukalia katika tahiyatu, au kiganja cha mkata mkonge. Ni ngozi ile ile, kwa sababu ile ile, na sijaona mtu akizichimba kutafuta mzizi. Kwa nini basi mguu peke yake ndio uchimbwe?

Nadhani chunjua ndiyo iliyoleta mkanganyiko, kwa kuwa ina vidoa vyeusi ambavyo watu huviita mizizi, ingawa navyo ni vishipa vya damu iliyoganda. Chunjua huletwa na virusi na huambukiza, sagamba haliambukizi. Mistari ya ngozi huizunguka chunjua bila kuipita, nayo huuma zaidi ikibanwa ubavuni, ilhali sagamba huuma likibonyezwa wima. Nakiri kwamba kipimo hicho cha kubana kimenidanganya zaidi ya mara moja, na sasa siamini mpaka nipunguze tabaka la juu nione kama ni vidoa vya chunjua au ni kiini kigumu cha sagamba.

Tiba ya nyumbani ni nyepesi: loweka mguu katika maji vuguvugu dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta ya ngozi yenye urea ya kulainisha, na uvae kiatu chenye nafasi mbele. Plasta za asidi ya salisiliki za asilimia 40, zinazolainisha na kumenya ngozi, haziwezi kutofautisha sugu na ngozi nzima. Mwenye kisukari asiziguse kabisa, wala asiguse wembe, kwa maana huenda unyayo wake umekufa ganzi na kidonda kinakua chini ya sugu bila yeye kujua. Akiona doa la damu ndani ya sugu, aje siku hiyo hiyo.

Vitabu huandika kana kwamba ukiondoa mbano umemaliza kazi. Lakini kidole kilichopinda hubaki kimepinda, na wengi ninaowapunguzia ngozi kwa kisu hurudi baada ya wiki chache, hata nimeacha kuwaambia kwamba wamepona. Yale masagamba madogo kama mbegu, yanayotawanyika hata mahali pasipobeba uzito, nayo hayaelezeki kwa mbano peke yake.

Yule mama nilimpima sukari kwanza, nikasafisha kidonda, kisha nikamsimamisha juu ya karatasi na kuchora ukingo wa mguu wake ule mwingine. Tulipoweka juu yake kiatu chake cha plastiki, mchoro ulikizidi kwa upana wa kidole kizima. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye fundo la khanga, akaenda nayo Ngamiani kutafuta kiatu.