Kibodi haisafishwi kwa petroli, na mambo mengine tunayoambiana

Ukipita maduka ya kuchapa na kutoa kopi ya Nasser Road, Kampala, utaona kibodi zisizopumzika. Kiangazi vumbi jekundu huingia kila mahali, halafu mtu anakula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, huku anachapa. Uchafu haukwepeki. Kinachoniuma ni kuona kibodi nzima ikiharibiwa na mikono iliyotaka kuisafisha.

Wengi husema petroli au thina ndiyo hutoa uchafu vizuri. Hutoa, lakini hula na plastiki. Vitufe vingi ni vya plastiki ya ABS, ambayo hulainika au kupasuka ikipata vimiminika hivyo, tena mvuke wake hushika moto upesi. Vitufe vilivyochomolewa vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Sehemu za umeme zipanguse kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, wala usimwage.

Dhana nyingine ni kwamba kitufe chochote hung'olewa kwa bisibisi. Piga picha ya kibodi kwanza, maana ukishavichanganya vitufe kuvipanga upya ni kazi. Kwenye kibodi ya mezani vingi huinuka vikivutwa wima. Kile kirefu cha nafasi kina waya mwembamba uliopindwa ncha zote mbili. Ukikivuta upande mmoja kwa nguvu, vishikizo vya waya huvunjika. Laptopu ni habari nyingine. Chini ya kila kitufe kuna vimkono viwili vyembamba vilivyopishana kama mkasi, na kimoja kikikatika kitufe hakikai tena. Huko mimi naridhika na brashi laini na kipulizio.

Kuna wanaoamini kwamba skrubu zikitoka, kilichobaki ni kuvuta tu. Kabla ya kulazimisha, papasa lebo ya mgongoni kwa kidole: ukihisi kishimo, kuna skrubu chini yake. Angalia na chini ya miguu ya mpira. Ukifungua kibodi ya kawaida ya bei nafuu utakuta mpira wenye vichuguu, na chini yake karatasi tatu za plastiki: mbili zina mistari inayopitisha umeme, ya kati ina matundu. Usiisugue ile mistari, hubanduka. Maji yakiingia kati ya karatasi hizo hukaa siku nyingi huku nje pakionekana pakavu.

Chai ikimwagika, watu hukimbilia mchele. Mchele hauondoi sukari wala maziwa, na hivyo ndivyo vinavyogandisha vitufe na kula mistari. Zima kwanza, chomoa waya, igeuze kifudifudi. Kama ni laptopu, usijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya kazi"; betri ichomolewe na fundi aifungue mapema, kwa sababu maji hushuka hadi kwenye ubao mkuu.

Mwisho, si kila kitufe kilichogoma ni uchafu. Kikigoma kimoja, safisha. Vikigoma kadhaa kwa pamoja, mara nyingi ni mstari mmoja vinaoutumia vyote umekatika, na hapo hakuna alkoholi itakayousaidia. Kama ni ile ya bei nafuu, nunua nyingine.