Kichuchu cha matunda hakimfundishi mtoto kula

Siku hizi Dodoma utakuta kina mama wengi wana kile kichuchu cha silikoni chenye matundu: unaweka embe au papai ndani, mtoto anatafuna, fizi zinatulia. Kwa meno yanayoota kinasaidia kweli, hasa tunda likiwa la baridi. Shida ni ile kauli ya mtaani: "Ana miezi minne, anatafuna kila kitu, yuko tayari kula, na humo hawezi kupaliwa."

Kutafuna vidole na kutoa udenda ni mambo ya kawaida ya umri huo, si njaa. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Hata baada ya hapo, kinachopenya kwenye matundu ni maji ya tunda na rojorojo kidogo. Ulimi haujifunzi kusogeza chakula kigumu, na madini ya chuma, ambayo akiba yake mwilini huwa imepungua kufikia umri huo, humo ni haba. Hayo yanataka kijiko: maini yaliyopondwa, yai lililoiva, maharage, au dagaa waliosagwa ndani ya uji mzito wa uwele.

Kupaliwa je? Silikoni ikichanika, kipande chake kinaweza kumkaba. Kikague, na ukae naye. Zabibu zetu nazo, nje ya kichuchu zikate vipande vinne kwa urefu, hata kwa mtoto wa miaka mitatu. Asali usitie kabla hajatimiza mwaka. Na kioshe mara amalizapo, maana kwa joto letu mabaki ya embe huchacha upesi.