Ruiru haikukuzwa na treni

Wengi husema Ruiru imekuwa kitongoji cha Nairobi kwa sababu reli ilipita hapo. Huo ni ukweli nusu. Reli ya Nairobi hadi Thika ilifunguliwa mwaka 1913, na kwa miongo mingi ilihudumia mashamba makubwa: magunia ya kahawa, marobota ya mkonge. Ni njia moja tu, kwa hiyo treni zinazokutana lazima zipishane stesheni. Haiwezi kubeba mji mzima asubuhi moja.

Kilichoigeuza Ruiru ni mashamba ya kahawa kukatwa viwanja, na Barabara ya Thika kupanuliwa, kazi iliyokamilika 2012. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858. Ya 2019, watu 490,120.

Tazama ekari moja inavyokatwa. Ikiwa mraba, kila upande una takribani futi 208. Kiwanja cha kawaida ni futi 50 kwa 100, hivyo vinne hukaa mstari mmoja, na mistari ni miwili: vinane. Zinabaki futi 8 za njia! Gari la kunyonya majitaka halipiti hapo, na shimo la choo likijaa, uchafu hutiririkia mlangoni kwa jirani. Mkataji mwadilifu hupunguza viwanja ili aache barabara ya futi 30 hivi. Ukienda kuona kiwanja, beba utepe wa kupimia, na upime njia kabla hujauliza bei.